Juzuu la Kumi na Tatu

Wapo watu walioingia kwenye Qur'ani kwa mapenzi, na wapo walioingia kwa toba. Wengine walizaliwa Pwani, wakaikuta ndani ya nyumba kama walivyokuta mtungi wa maji. Mimi niliingia kwa hasira. Niliingia ili nimkomeshe kaka yangu. Kama mtu angeniuliza wakati ule ninasoma kwa nia gani, ningemjibu kwa sauti ya upole kwamba nasoma kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, halafu ningerudi kuufikiria uso wa kaka yangu siku nitakapomkomesha.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Tabora. Alifika Tunduma akaingia kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, na foleni yenyewe kwa vile ni ya Tunduma, ilipokwisha alikuwa ameshajenga. Mke wake wa kwanza, Mungu amrehemu, alimzalia kaka yangu. Mke wa pili ni mama yangu, binti wa wakulima wa kahawa wa Ihanda, Mkristo wa kuzaliwa na mwimba kwaya. Baba alimwoa bila kumbadilisha dini, na mama naye akamwacha baba na ya kwake. Mimi nililelewa Mwislamu, ila Krismasi nilikuwa nakula Ihanda kwa bibi, na sikuona tatizo lolote mpaka nilipokuwa mtu mzima na watu wakaanza kuliona kwa niaba yangu.

Madrasa niliiacha mapema. Nilitoka pale na sura fupi chache kichwani, nikazitumia maisha yangu yote kama mtu mwenye mashati mawili: hili la kazini, hili la msibani.

Siku tuliyomzika baba, nilisogea ukingoni mwa kaburi pamoja na wenzangu ili tushuke kumpokea. Kaka yangu alikuwa amesimama pale na kanzu yake imenyooshwa vizuri kuliko kanzu ya imamu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Washuke wanaojua kusoma," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye kipaza sauti ingawa kipaza sauti hakikuwepo. Kisha akanigeukia. "Wewe baki juu, mdogo wangu. Shika chepe."

Nikashika chepe. Nilikuwa mtoto wa baba kama yeye, na miezi yote ya mwisho mikono iliyokuwa ikimgeuza baba kitandani ilikuwa yangu. Akashushwa na watu waliojua kusoma, mmoja wao mfanyabiashara wa vitunguu ambaye baba hata jina lake hakulijua. Iliniuma sana, na sitaki kuizungushia maneno. Nilitupia udongo kwa nguvu hadi mzee mmoja akaniambia taratibu, mwanangu, unamfukia mtu.

Jioni ile, watu walipotawanyika, mama aliniuliza walichomsomea baba.

"Qur'ani yote, mama. Hitima. Watu wanagawana, kila mtu anasoma kipande, inatimia."

"Yote inasemaje?"

"Ni ndefu, mama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Mama yangu ana adabu sana.

Wiki iliyofuata nikajiandikisha darasa la watu wazima msikitini, baada ya magharibi. Ustadhi wetu alikuwa kijana mpole ambaye hakuwahi kucheka, na hilo lilikuwa jambo la kishujaa, maana sisi wanafunzi wake tulikuwa wanaume wenye vitambi tuliokaa kwenye mkeka tukisema alifu, be, te. Mmoja alikuwa muuza mitumba aliyezoea kunadi, na herufi alizinadi vilevile. Mwingine alikuwa dereva aliyejifunza nusu ya alfabeti safari ya kwenda Lusaka na nusu safari ya kurudi. Mimi nilikuwa mwanafunzi bora. Hasira ni mwalimu mzuri wa herufi.

Siwezi kukataa kwamba siku ya kwanza niliposoma mstari mzima bila kushikwa mkono, nilitoka nje nikasimama peke yangu ukutani, na macho yangu yalikuwa yameloa. Lakini niliyafuta haraka nikamkumbuka kaka yangu.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Asubuhi hadi jioni niko mpakani, natazama kama kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo ndani ya kontena. Wazambia wanapita wakinisalimu mulishani, nami nawajibu bwino huku jicho liko kwenye sili ya mlango wa kontena. Na nilipojua kusoma, nilisoma Qur'ani kama ninavyosoma namba za makontena: bila kukosea, na bila kujua ndani kuna nini. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu mtaa mzima tulikuwa hivyohivyo. Tulikuwa na heshima kubwa mno kwa Msahafu. Mfanyabiashara aliutundika juu ya mlango wa duka, wezi wauogope. Mwingine aliuweka kwenye dashibodi ya lori, trafiki wauone. Mgonjwa aliandikiwa aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa, akanywa. Tulikuwa tunaapia Msahafu na kulalia Msahafu, na mtu akihama nyumba Msahafu ndio ulioingia wa kwanza. Kuufungua na kuuliza unasema nini, hapo tuliona kama utovu wa adabu.

Wa kwangu mwenyewe, wenye tafsiri ya Kiswahili, ulikuwa juu ya kabati, umefungwa kwa kitambaa cha mahameli, tangu harusi yangu. Ulikuwa juu kiasi kwamba kuufikia kulihitaji stuli, na juu ya stuli ndoo.

Basi turudi kwenye hitima. Kila mwaka, nyumbani kwa kaka yangu, tulikuwa tunamsomea baba. Wapo wanaosema jambo hilo si sunna, na hao pia walikuwa wanakuja, ila walifika wakati wa pilau. Kaka yangu ana duka la vipuri vya malori, na ndiye mtunza sanduku la majuzuu la mtaa. Ndani ya sanduku mna vitabu vyembamba thelathini, Qur'ani nzima imegawanywa, kila kimoja kina jalada la kijani la kuvulika kama foronya na namba imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mtu akifiwa, sanduku linabebwa hadi kwake. Kaka analifungua, anahesabu kwa sauti mpaka thelathini, anagawa, watu wanasoma wote kwa pamoja, na kwa muda wa kuiva kwa nyama Qur'ani nzima inakuwa imesomwa.

Kugawa kwenyewe kulikuwa na vita vyake. Kila mtu alitaka juzuu la thelathini, lile la Amma, lenye sura fupi ambazo hata aliyesinzia anazijua. Wazee walilivizia toka mlangoni. Nilishawahi kumwona mtu mzima, mjumbe wa kamati ya msikiti, akilikalia. Baada ya hapo kilichofuata kilikuwa mbio. Kaka yangu ndiye bingwa. Alikuwa anasoma juzuu lake na kulifunga chai ikiwa bado inachoma, kisha anatutazama sisi wengine kwa huruma, kama mtu wa basi la moja kwa moja anayewatazama watu wa kituo kwa kituo.

Mwaka juzi nilichelewa. Lori la mteja wangu lilikuwa limezuiliwa mpakani. Nilipofika, majuzuu yalikuwa yameshagawanywa na limebaki moja tu mkekani, la kumi na tatu. Nikalichukua, nikaketi karibu na mzee mmoja fundi cherehani, nikafungua.

Mzee yule anasoma kwa sauti. Nami nikasoma kwa sauti. Baada ya muda nikahisi kitu kinanisumbua sikioni, nikanyamaza. Mzee alikuwa anasoma nilichotoka kusoma mimi, neno kwa neno. Nikachungulia kitabu chake. Ukurasa wake na ukurasa wangu walikuwa mapacha.

"Mzee," nikamnong'oneza, "una namba ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mimi kumi na tatu. Lakini tunasoma kitu kimoja."

"Alhamdulillahi," akasema, akafunua ukurasa.

Nikavua jalada la kijani. Ndani, kwenye karatasi yenyewe, palipigwa chapa kwa tarakimu za Kiarabu, kubwa, mahali ambapo hata kipofu angejikwaa: kumi na mbili. Tulikuwa na la kumi na mbili mara mbili. La kumi na tatu halikuwemo. Nikakumbuka kwamba kabla baba hajafa juzuu moja liliharibika kwa mvua, na kaka akamwagiza dereva amletee jingine kutoka Dar. Dereva alileta alilolipata. Kaka akahesabu, akapata thelathini, akaliandikia jalada namba iliyokosekana, na mzigo ukapita.

Nilikuwa mtu wa forodha miaka mingi, na sijawahi kukamata kontena lililonifurahisha hivyo. Sili imeandikwa hiki, ndani mna kile, na aliyepiga sili ni yule aliyeniambia nishike chepe! Kila maiti wa mtaa wetu tangu mvua ile, akiwemo baba yetu, alikuwa ameagwa kwa Qur'ani yenye pengo, huku kaka yangu akitangaza kila mara kwamba imetimia. Roho ilinisuuzika. Nilirudisha jalada taratibu, nikasoma hadi mwisho, nikala pilau yake kwa hamu kubwa.

Sikusema kitu siku ile. Mtu mwenye mzigo mzuri hauuzi njiani. Nilipanga kwamba hitima ijayo, atakapokuwepo sheikh na wazee kutoka Vwawa, kaka akishatangaza kuwa imetimia, nitasimama kwa adabu, nitamwomba mwenye la kumi na mbili asome mstari wa kwanza, na mwenye la kumi na tatu naye asome mstari wa kwanza. Kisha nitasema: "Nilidhani hapa wanashuka wanaojua kusoma." Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi mwaka mzima. Niliisema katikati ya malori nikisubiri mihuri, nikibadilisha sauti. Wakati mwingine niliisema kwa masikitiko, wakati mwingine kwa tabasamu. Dereva mmoja Mzambia aliniuliza kama naumwa.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nikaona kuna tundu kwenye mpango wangu. Mtu angeweza kuniuliza: hilo juzuu lililokosekana lina nini ndani? Nami sikujua. Ningeonekana nami ni walewale. Basi nikapanda stuli na ndoo, nikaushusha Msahafu wa harusi, nikafungua mahameli. Kurasa zilikuwa zimegandana, ikabidi nizitenganishe kwa ncha ya kidole.

Mama anaishi nasi. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, anasubiri zamu ya kupasuliwa, na Biblia yake hawezi tena kuisoma. Jioni ile alikuwa ukumbini anapukuchua mahindi yaliyoletwa kutoka Ihanda, kwa kupapasa tu, punje zinadondoka kwenye ungo. Akasikia karatasi.

"Unasoma nini, baba?"

"Qur'ani, mama. Tafsiri."

"Sasa soma na mimi nisikie. Si iko kwa Kiswahili?"

Nikasoma. Nilianza mwishoni mwa la kumi na mbili ili nipate mwanzo wa habari, nikamkuta Nabii Yusuf. Mama akachangamka palepale.

"Huyu namjua! Ndugu zake walimwonea wivu, wakamtupa kisimani. Alikuwa na kanzu ya rangi rangi."

"Hapa rangi haikuandikwa, mama."

"Ilikuwa na rangi. Endelea."

Nikaendelea, naye akawa ananisahihisha kila hatua kama mtu aliyekuwepo. Kwenu hivi, kwetu hivi. Ndugu walipomletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo, mama alitikisa kichwa. Yusuf alipouzwa Misri alisikitika, na mke wa bwana alipomtaka kwa nguvu mama alisema wanawake wengine bwana. Yusuf akatiwa gerezani. Mfalme akaota ndoto, Yusuf akaifasiri, mfalme akaagiza aletwe, naye akakataa kutoka mpaka kesi yake isafishwe. Wanawake wakahojiwa, mke wa bwana akakiri. Hapo juzuu la kumi na mbili linakwisha, nikaacha kidole kwenye mstari.

"Ehe?" mama akasema.

Nilikuwa naona mtaa wetu wote umekaa mkekani, mwaka baada ya mwaka, watu wawili wakimtupa Yusuf kisimani mara mbili kwa kila maiti, wakimtia gerezani mara mbili, halafu tunafunga vitabu na kuleta pilau. Hatukuwahi kumtoa. Nikamweleza mama habari za sanduku, na mpango wangu wote, na sentensi yangu nikamsemea, kwa ile sauti ya masikitiko. Nilitegemea acheke.

Mama alishika hindi lake bila kulipukuchua.

"Kwa hiyo baba yako mmemsomea Yusufu akiwa bado jela."

"Ndiyo, mama. Kaka ndiye aliyefanya hivyo."

"Sijauliza nani. Mtoe kwanza huyo mtoto gerezani, mambo ya kaka yako baadaye."

Nikafungua la kumi na tatu. Yusuf akatoka, akapewa ghala za nchi. Njaa ikaja, na ndugu zake wakaja kununua chakula wasimtambue, na yeye akawatambua. Baba yao kule nyumbani alilia hadi macho yakawa meupe kwa huzuni. Mama aliniambia niisome tena sehemu hiyo. Nikaisoma tena. "Huyu mzee namwelewa," akasema, akapangusa uso kwa ncha ya kanga.

Kisha ndugu wakasimama mbele yake, wana njaa, wameishiwa ujanja, na akajitambulisha kwao. Hapa nilijiandaa. Mimi mwenyewe kwa mikono yangu nilikuwa nimemjengea Yusuf hotuba. Mtu ana mamlaka na askari, na waliomtupa shimoni wamesimama mbele yake! Nikasoma, na Yusuf akawaambia kwamba siku ile hana lawama juu yao, na akawaombea msamaha. Basi. Hotuba ilikuwa ni hiyo tu. Nilikasirika kidogo.

Nikaendelea hadi mwisho. Kanzu ya Yusuf ikapelekwa, ikawekwa usoni mwa baba, akaona. Familia yote ikaja Misri, wazazi wakapandishwa kwenye kiti cha enzi, na Yusuf akaanza kumsimulia baba yake wema aliotendewa na Mungu: jinsi alivyomtoa gerezani, jinsi alivyowaleta wao kutoka jangwani, baada ya Shetani kuchochea ugomvi kati yake na ndugu zake.

"Na kisima?" mama akauliza.

"Nini, mama?"

"Amesema Mungu alimtoa gerezani. Kisimani je? Si alitolewa kisimani pia? Huko ndiko kulikoanza."

Nikarudi nyuma nikasoma tena, kidole juu ya mstari, Kiarabu kwanza halafu Kiswahili. Gereza lilikuwepo. Jangwa lilikuwepo. Lawama yote imetupiwa Shetani.

"Kisima hakukitaja, mama."

"Hakukitaja?"

"Hakukitaja kabisa."

Mama alipapasa ungo akatafuta hindi jingine. "Ndugu zake walikuwa wamekaa palepale," akasema, na punje zikaanza tena kudondoka.

Sikulala vizuri wiki ile, na sikujisikia vizuri hata kidogo. Yusuf ndugu zake walimtia shimoni. Mimi kaka yangu alinizuia kuingia shimoni. Kila mtu na kaka zake. Lakini yeye alikuwa na kisa kikubwa kuliko changu na akakimeza, wakati mimi changu kidogo nilikuwa nimekibeba miaka yote kama kibali cha kusafiria, nakionyesha kila kituo. Na sentensi yangu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kuitupa sentensi nzuri namna ile. Asubuhi moja niliisema kwa mara ya mwisho katikati ya malori, kimoyomoyo, kama mtu anayeaga.

Nikaenda Mbeya kutafuta juzuu la kumi na tatu. Nikalipata.

Siku ya hitima nilifika kwa kaka mapema, na mfuko wa sukari mkononi kama kisingizio. Mama nilikuwa nimempeleka uani kwa akina mama waliokuwa wanachambua mchele. Sebuleni hapakuwa na mtu. Nikalifungua sanduku, nikalivua jalada la kijani lenye namba kumi na tatu, na nilikuwa nimeshika vitabu viwili, kimoja kila mkono, kaka yangu alipoingia kutoka kuswali.

Akasimama. Akatazama mkono huu na mkono huu. Nilitegemea afoke. Badala yake alikaa kwenye mkeka, taratibu, kama mtu aliyepungukiwa pumzi.

"Umejua lini?" akaniuliza.

Mimi ndiye niliyeshtuka. "Mwaka jana," nikasema. "Kumbe wewe unajua?"

"Najua muda mrefu. Nilikuja kuligundua siku moja nayafuta vumbi." Akavua kofia akaishika mapajani. "Ningewaambia nini watu? Nimekwenda misiba yao, nimekula pilau yao, nimewaambia imetimia. Nikawa namwachia la kumi na tatu mtu asiyesoma vizuri. Wengine walioligundua walinyamaza wenyewe, waliona wakisema itabidi tuanze upya."

"Na mimi mbona uliniachia mwaka jana?"

"Ulichelewa. Lilikuwa limebaki hilo tu." Akatazama mlango. "Tangu uanze kusoma nimekuwa nakuogopa. Kila hitima nasema leo atasimama, leo ataniumbua. Najua una haki."

Haya, hapo ndipo ilipokuja. Sentensi yangu, niliyodhani nimeshaiaga, ilipanda yenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi ikasimama pale imevaa vizuri. Nilikuwa naye peke yake, amevua kofia, na nywele zake za utosini zimekwisha kama za baba. Nikaona utosi ule nikashindwa.

"Nishikie hili jalada, kaka," nikasema.

Akashika. Nikalitia juzuu la kumi na tatu ndani ya foronya yake, yeye akinisaidia kwenye pembe. La kumi na mbili la ziada nikalitia mfukoni mwa kanzu.

"Na wale waliotangulia?" akauliza kwa sauti ndogo. "Wote wale?"

"Leo watie kwenye dua."

Akawatia. Lakini kabla ya dua watu walikuja, sheikh akaja, wazee wa Vwawa wakaja, ubani ukawashwa, na kaka akahesabu hadi thelathini kwa sauti iliyokwama kidogo pale katikati. Akagawa. La Amma likagombewa kama kawaida. Alipofika kwangu alikuwa na la kumi na tatu mkononi.

"Soma wewe," akasema.

Nilisoma. Sikukimbia, kwa sababu sasa nilijua watu walio ndani na sikutaka kuwapita bila kuwasalimu. Nilimtoa Yusuf gerezani polepole. Wenzangu walimaliza mmoja mmoja, vitabu vikafungwa, kikohozi cha njaa kikaanza kuzunguka sebule. Mjumbe wa kamati alitazama saa yake, kisha akanitazama mimi, kisha akautazama mlango wa uani uliokuwa unaleta harufu ya binzari. "Shekhe, wengine tumeshamaliza," akaniambia.

"Mwacheni amalize," kaka yangu akasema. Yeye, bingwa wa mbio.

Nilipofika pale kwa baba mwenye macho meupe sauti yangu ilikatika, na sikuificha. Nilifikiri juu ya baba yangu aliyengoja miaka yote ile hadi habari yake imalizwe kusomwa. Watu walidhani nimekosea matamshi. Mzee fundi cherehani alinisaidia kwa kunisomea neno lililofuata.

Dua ya siku ile ilikuwa ndefu isivyo kawaida. Kaka yangu ndiye aliyeombwa aisome, na baada ya jina la baba akaanza kutaja marehemu wa mtaa, mmoja baada ya mwingine, hadi wale waliokwisha kusahauliwa na wajane wao. Watu waliitikia amina huku wakitazamana. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna janga limetokea.

Tulikula sinia moja, kaka na mimi. Alimega tonge akalishika bila kulipeleka mdomoni.

"Siku ile makaburini," akaanza.

"Nyama zote ziko upande wako, kaka," nikasema. "Sogeza huku."

Akanitazama. Kisha akasogeza, vipande vyote, hadi upande wake ukabaki wali mtupu, ikabidi nimrudishie nusu.

Jioni nilimshika mama mkono tukarudi nyumbani, tukipita pembeni mwa malori yaliyopanga foleni ya kuvuka. Mama hutembea polepole kwa sababu ya macho, na huuliza anachotaka njiani.

"Leo Yusufu amefika kwa baba yake?"

"Amefika, mama."

"Na wewe na kaka yako mlizungumza nini? Nilisikia mmekaa pamoja."

"Tulizungumza habari za nyama."

"Na kaburi?"

"Kaburi halikutajwa."

Tukatembea hadi lori la mwisho. Mama akanibana mkono.

"Sasa ndiyo baba yako amesomewa," akasema.